Siku tano za kwanza: mwalimu wa Tanga katika shule ya Ujerumani

Usuli

Kisa hiki kinatoka katika ushirikiano wa shule mbili: sekondari moja ya serikali jijini Tanga na shule moja katika mji mdogo wa pwani, kaskazini mwa Ujerumani. Kila baada ya muda mwalimu wa upande mmoja hukaa wiki kadhaa upande wa pili. Safari inayochambuliwa hapa ilikuwa ya siku 18, mwezi Novemba. Msafiri alikuwa mwalimu wa biolojia na jiografia, mama wa makamo, Mwislamu, aliyekaa darasani zaidi ya miaka kumi lakini hakuwa amewahi kuvuka mipaka ya Afrika Mashariki. Tutamwita Mwalimu Z. Majina ya shule na ya watu yameondolewa, pamoja na mwaka wenyewe.

Alipewa kazi tatu: kuangalia jinsi sayansi inavyofundishwa kwa vitendo, kufundisha vipindi vitatu, na kurudi na mradi mmoja ambao madarasa ya pande zote mbili yangeufanya kwa pamoja. Walimu 11 wa shule yake walikuwa wamejiandikisha kushiriki mradi huo hata kabla hajaondoka.

Hakuna aliyeumia wala kurudishwa nyumbani. Makosa ya kisa hiki ni ya kawaida, ya aina ambayo msafiri huyasimulia kwa kicheko akirudi na hakuna anayeyaandika. Hasara yake ilionekana baadaye, na ilitokana na saa 48 za mwanzo.

Maandalizi

Makaratasi yalikwenda vizuri. Mwalimu wa serikali ni mtumishi wa umma, hasafiri nje bila kibali, kwa hiyo barua ilianza kwa mkuu wa shule, ikaenda kwa mkurugenzi wa jiji, ikapanda juu. Ilianza mapema, na hilo peke yake liliokoa safari. Pasipoti (shilingi 150,000) ilikuwa mpya. Kwa viza ya Schengen, yaani viza moja ya nchi nyingi za Ulaya pamoja na Ujerumani, pasipoti inatakiwa ibaki hai angalau miezi 3 baada ya tarehe ya kutoka Ulaya na iwe na kurasa 2 tupu. Maombi hupokelewa kuanzia miezi 6 kabla ya safari na yasichelewe chini ya siku 15. Bima ya matibabu ya safari isipungue euro 30,000. Ada sasa ni euro 90, na hairudishwi hata ukinyimwa. Mwombaji alikwenda mwenyewe Dar es Salaam kwa ajili ya alama za vidole, akiwa na barua ya mwaliko, barua ya mwajiri na tiketi iliyoshikiliwa bila kulipiwa.

Nguo nazo zilishughulikiwa. Koti zito la baridi halikununuliwa dukani. Koti zuri hupatikana mitumbani kwa bei ya kutupa, maana Tanga hakuna wa kuligombea. Alishauriwa avae nguo nyepesi tatu zinazopandana badala ya moja nzito, kwa kuwa ndani ya majengo kuna joto na nje kuna nyuzi 5. Plagi pia ilikumbukwa. Ya kwetu ina miguu mitatu bapa, ya kule miwili ya mviringo, basi inahitajika adapta ndogo tu. Umeme wenyewe ni volti 230 pande zote mbili, haihitajiki transfoma.

Kikao cha maandalizi kilichukua saa mbili, na viza, nguo na mzigo vilimaliza karibu muda wote. Yafuatayo hayakuguswa kabisa: saa, chakula cha jioni, picha, zawadi zinazoruhusiwa, na nini cha kuwaambia wenzake wa nyumbani, lini.

Tiketi ilikatwa ya kufika Jumapili kwa sababu ilikuwa nafuu. Uamuzi huo ulikuwa na mantiki siku ulipofanywa. Ila Ujerumani Jumapili maduka karibu yote hufungwa, kwa hiyo msafiri hakupata laini ya simu. Alikuwa na intaneti nyumbani kwa mwenyeji tu. Akitoka mlangoni, simu yake ilibaki saa na kamera.

Siku ya kwanza: forodha na mkate

Begi la zawadi lilikuwa na khanga sita, iliki na pilipili manga kutoka Amani, majani ya chai ya Usambara, kilo tatu za machungwa ya Muheza na kopo la samli. Uwanjani alipita mlango wa wenye vitu vya kutangaza, akasema alichobeba. Machungwa na samli vilichukuliwa na kutupwa mbele ya macho yake.

Sheria ni hii. Nyama na maziwa, pamoja na vitu vilivyotengenezwa kwa maziwa, haviingii Umoja wa Ulaya kwenye mzigo wa abiria kutoka nchi kama yetu. Matunda na mimea mibichi, tangu Desemba 2019, huhitaji cheti cha afya ya mimea, isipokuwa matunda matano: nanasi, nazi, ndizi, tende na durian. Angebeba nazi tano za Tanga badala ya machungwa angepita nazo akitabasamu. Kwa kuwa alitangaza mwenyewe, hakutozwa faini. Hilo alilifanya vizuri bila kuelekezwa na mtu. Lakini katika daftari lake aliandika: “Wamenitupia zawadi.” Hakuandika sababu, kwa kuwa hakuna aliyempa.

Jioni, mwenyeji wake, ambaye naye ni mwalimu, aliandaa meza: mkate wa aina tatu, jibini, matango, soseji, chai. Hakuna kilichopikwa. Mtu wa Tanga akipokea mgeni aliyesafiri siku nzima hupika wali wa nazi, na samaki akipatikana. Mkate ni wa asubuhi au wa mgonjwa. Z. alikula matango na mkate mkavu, akaenda kulala na njaa, akaandika: “Sijui kama walinitaka.”

Kaskazini mwa Ujerumani chakula cha jioni cha mkate ndicho cha kawaida katika nyumba nyingi. Chakula cha moto huliwa mchana. Zaidi ya hapo, mwenyeji alikuwa ametafuta duka la Waturuki katika mji wa jirani na kununua soseji za kuku za halali, akaziweka mezani katika sahani ya peke yake. Hakusema. Aliona kusema ni kumfanya mgeni ajione mzigo. Z. hakuuliza, akiona kuuliza ni kumdharau mwenyeji. Adabu mbili zilikutana pale mezani, na soseji zikarudi kwenye friji zilivyo.

Siku ya pili, asubuhi: “nusu ya nane”

Jumapili usiku makamu wa mkuu wa shule alimtumia ujumbe kwa Kiingereza kwamba atapokelewa mlango mkuu “half eight”. Mwenyeji aliondoka mapema Jumatatu kumpeleka mtoto wake chekechea, akaacha karatasi yenye namba ya basi. Z. alishuka kituoni 8:20, akiwa na hakika kwamba amewahi kwa dakika kumi. Mlangoni hapakuwa na mtu. Kipindi cha kwanza, ambacho angetambulishwa darasani, kilianza 7:45 na kilikuwa kinaelekea mwisho. Simu haikuwa na laini. Alisimama kwenye baridi mpaka mtunza jengo alipomwona.

Kosa hili linastahili kufunguliwa taratibu, kwa sababu ndani yake kuna saa tatu tofauti.

Mjerumani huhesabu nusu kuelekea saa inayokuja. Kwake “nusu ya nane” ni nusu ya safari ya kuifikia nane, yaani 7:30. Makamu aliihamishia Kiingereza neno kwa neno. Mwingereza naye akisema maneno hayo hayo huwa ameangusha neno moja la kati, na maana yake ni nane imepita kwa nusu: 8:30. Z. alisomeshwa Kiingereza cha Waingereza, akasoma 8:30. Kisha, kama sote tufanyavyo, akaigeuza kichwani kuwa saa mbili na nusu, akaandika hivyo kwenye kiganja. Baada ya hapo tarakimu ya asili ilipotea, na asingeweza tena kugundua kosa kwa kuiangalia.

Ajabu ni kwamba Mswahili ana zana ya kumwelewa Mjerumani. Tunaposema saa mbili kasorobo tunahesabu kuelekea saa ijayo vilevile. Mtu mmoja angemwambia “nusu yao ni kama kasorobo yetu, inatazama mbele”, asubuhi ile isingetokea. Na kama makamu angeandika 07:30 kwa tarakimu nne, pasingekuwa na la kuelezana.

Walimu wa kule walitafsiri kuchelewa kwake kwa namna ambayo msomaji anaweza kukisia. Mmoja alisema kwa upole kwamba “kwao muda ni tofauti”. Hakuna aliyeusoma upya ujumbe wa makamu mpaka siku ya tatu.

Siku ya pili, darasani

Alipoingizwa darasa la biolojia, kipindi cha pili, alikuwa amegandishwa na baridi na amefedheheka. Hali hiyo isisahaulike tunaposoma alichokiandika, maana macho yaliyoangalia darasa yalikuwa na machozi ya baridi ndani yake.

Aliona wanafunzi 26. Darasa lake nyumbani huwa na zaidi ya 70. Hawakusimama mwalimu alipoingia. Mmoja alikuwa akila tufaha, akajibu swali akiwa amekaa, tufaha mkononi. Msichana mmoja alimwambia mwalimu kwamba maelezo ya ubaoni hayalingani na ya kitabuni. Mwalimu akatazama, akasema hajui, tutafute. Mapumziko yalipofika madirisha yote yalifunguliwa wazi, baridi ikaingia yote. Z. aliandika mambo manne: watoto hawana adabu, mwalimu hajui somo lake, hakuna nidhamu ya chakula, wanataka tuugue.

Maelezo aliyoyapata siku zilizofuata yalikuwa haya. Kushiriki kwa mdomo darasani huhesabiwa katika alama ya mwisho ya mwanafunzi, kwa hiyo yule msichana alikuwa akifanya kazi anayopimwa nayo. Alama zenyewe huanzia 1, iliyo bora, hadi 6, jambo ambalo kwa mtu aliyezoea divisheni wani halina ugumu. “Sijui, tutafute” ilikuwa hatua ya somo iliyokusudiwa, na ukurasa wa kitabu uliopitwa na wakati ulichaguliwa makusudi. Madirisha hufunguliwa wazi kwa dakika chache kubadilisha hewa yote mara moja, kwani yakiachwa nusu wazi kutwa, kuta hupoa na joto hupotea bure. Tufaha ndilo peke yake lililokuwa kosa: sheria za shule zilikataza, na mwalimu aliamua kulipuuza siku hiyo.

Jambo jingine halikumo katika ratiba ya mtu yeyote. Mwishoni mwa Novemba katika latitudo ile jua huzama kama saa kumi na dakika kumi jioni. Alasiri huingia kabla ya saa nane mchana, na kati ya adhuhuri na magharibi ni saa nne tu. Nyumbani angesali alasiri baada ya vipindi. Kule ilimwangukia katikati ya kipindi cha mchana, naye akakaa darasani akihesabu dakika badala ya kuangalia somo. Alipouliza, siku ya tatu, alipewa ufunguo wa chumba cha vifaa vya ramani. Ombi lilichukua nusu dakika.

Siku ya pili, usiku: sauti na picha

Saa mbili usiku, Tanga ikiwa saa nne (Novemba tofauti ni saa mbili, majira ya joto ni moja), Z. alituma kwenye kundi la WhatsApp la walimu wa shule yake ujumbe wa sauti wa takribani dakika saba, na picha 14 za darasani. Ujumbe ulikuwa mtamu. Mtu wa pwani akisimulia, anasimulia. “Jamani, huku mtoto anamsahihisha mwalimu, tufaha mdomoni, na mwalimu anasema ahsante!” Majibu yalimiminika mpaka usiku wa manane. Mwenzake mmoja akaweka picha tatu kwenye statasi yake. Namba ya mwenyeji ilikuwa katika simu ya huyo mwenzake tangu ugeni uliopita.

Asubuhi mwenyeji aliziona.

Siku ya tatu: uamuzi uliofanywa

Ujerumani, kusambaza picha ya mtu kunahitaji ridhaa yake. Sheria hiyo ni ya tangu 1907, na tangu Mei 2018 kanuni ya Ulaya ya ulinzi wa taarifa binafsi imeongezeka juu yake. Kwa watoto ridhaa ya wazazi inahitajika, na shule huwa na fomu. Katika darasa lile familia mbili zilikuwa zimekataa picha za aina yoyote.

Hatua zilikuwa nne, zote kabla ya saa sita mchana. Mwenyeji alimwambia Z. faraghani, bila ya wengine kuwapo. Z. alifuta picha kwenye kundi kwa wote. Alimpigia mkuu wake Tanga, naye hakuandika tangazo la jumla: aliwataka walimu wafute kwenye simu zao na kila mmoja ajibu kwa jina lake kwamba amefuta, kwa kuwa picha iliyokwisha kupakuliwa haifutiki na mtumaji. Statasi ilitolewa. Kisha shule ya Ujerumani ikawaandikia wazazi wa darasa lile, ikasema kilichotokea na kilichofanyika. Makamu alikuwa na hoja ya kunyamaza, kwamba huenda hakuna atakayejua. Mkuu wake alikataa, akisema mzazi akija kuliona peke yake baadaye, mgeni ndiye atakayebeba lawama yote. Wazazi wawili walijibu, wote wakishukuru kuarifiwa.

Siku hiyohiyo mwenyeji aliketi na Z. wakapitia daftari, mstari kwa mstari. Ndipo soseji, madirisha, alasiri na “nusu ya nane” vikatoka. Mazungumzo yalidumu muda wa chai mbili.

Siku ya nne na ya tano: ua dirishani

Jumatano, kwenye dirisha la chumba cha biolojia, Z. aliona vyungu vya maua madogo ya zambarau, majani yana manyoya. Akauliza jina. Wakamtajia jina ambalo kwa Kijerumani lina Usambara ndani yake. Lilikuwa dirishani pia nyumbani kwa mwenyeji, na kwa bibi wa jirani.

Mbegu za ua hilo zilitoka milima ya nyuma ya Tanga. Walter von Saint Paul-Illaire, aliyekuwa mtawala wa wilaya ya Tanga enzi za Wajerumani, alimpelekea baba yake Ujerumani, na mwaka 1893 mtaalamu wa mimea Hermann Wendland wa Hannover akaliita kwa jina la kisayansi Saintpaulia. Leo linauzwa madukani duniani kote, na porini kwetu aina zake kadhaa ziko hatarini kwa kupotea kwa msitu wenye kivuli na unyevu.

Z. aliomba kipindi chake cha kwanza kihamishwe kiwe kesho yake. Alhamisi alichora ubaoni njia ya Tanga, Muheza hadi Amani, akaeleza mwinuko na mvua, kisha wanafunzi wakaotesha majani: kata jani zima lenye kikonyo cha kama sentimita 3, chomeka kwa mshazari kwenye udongo mwepesi uliolowa bila kutota, funika kwa mfuko wa plastiki unaopitisha hewa kidogo, weka penye mwanga bila jua kali. Mizizi hutoka katika wiki 3 hadi 4, miche midogo baada ya miezi 2 au 3. Panapokwama ni maji: jani likioza, mara nyingi udongo ulikuwa tope. Mwanafunzi mmoja alimpinga kuhusu kina cha kuchomeka. Z. akamwambia ajaribu vyote viwili, tuone. Mradi wa pamoja ulizaliwa hapo.

Matokeo

Vipindi vitatu vilifanyika na mradi ukakubaliwa. Kwa upande wa Ujerumani safari ilihesabiwa kuwa ya mafanikio.

Tanga ilikuwa vingine. Z. aliporudi na kutoa mrejesho, alieleza ushiriki wa wanafunzi, somo la “tutafute”, njia za kupima. Akakatizwa: “Mwalimu, mbona wewe mwenyewe ulituambia kule hakuna adabu?” Ujumbe wa usiku wa pili ulikuwa umesikilizwa na karibu shule nzima, na baadhi ya wazazi. Wa siku ya tano, uliosahihisha, ulikuwa mfupi, umeandikwa, hauchekeshi, na wachache waliusoma. Kati ya walimu 11 wa mradi walibaki wanne.

Uchambuzi

Daftari la mambo ya mwanzo lilikuwa wazo zuri lililotekelezwa nusu. Waratibu walimwambia aandike “anavyoona”. Akaandika anachoona na anachohukumu katika mstari mmoja, na vikishafungwa pamoja hivyo ni kazi kuvitenganisha. “Mwalimu alisema hajui, akafungua kitabu kingine” ni dhahabu ya kufundishia. “Mwalimu hajui somo” haina kitu ndani. Hata hivyo, bila daftari lile kikao cha siku ya tatu kisingekuwa na cha kupitia, na soseji zingekaa kwenye friji mpaka ziharibike.

Si haki kumtupia Z. suala la picha. Mwongozo wa safari ulikuwa na mstari mmoja: “heshimu faragha”. Mwalimu anayepiga picha za mahafali kila mwaka hawezi kujua kwamba mstari huo unamaanisha simu ibaki mfukoni. Na tusijione kuwa jambo hilo ni la Ulaya tu: Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, na wageni wakija kupiga picha watoto wetu swali ni lilelile.

Ratiba ndiyo tunayoilaumu zaidi. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Z. alipewa jembe asubuhi ya kwanza, hana laini ya simu, hajala vizuri. Euro chache zilizookolewa kwenye tiketi ya Jumapili zililipwa upya Jumatatu mlangoni.

Kilichofaa kuliko vyote ni mwenyeji kusema mapema na kwa siri, na mkuu wa shule wa Tanga kudai jibu la kila mtu kwa jina. Kosa la waratibu lililobaki bila tiba ni kutofikiria wasikilizaji wa nyumbani. Walimwandaa msafiri, wakasahau kundi la WhatsApp.

Yaliyobadilishwa kwa safari iliyofuata

Kufika ni Ijumaa asubuhi, laini inunuliwe siku hiyo, shule Jumatatu. Muda huandikwa kwa tarakimu nne tu. Mwenyeji hutumiwa nyakati za sala za wiki husika na orodha ya anachokula mgeni, naye hutakiwa kusema kwa mdomo kilichomo mezani. Zawadi za mimea ni nazi, au viungo vikavu vilivyofungwa. Daftari lina safu mbili: nilichoona, na nitakayemuuliza. Mtu wa kupitia naye daftari hupangwa kabla ya safari, jioni ya siku ya tatu. Ujumbe wa sauti kwa kundi la walimu haukukatazwa, maana ungetumwa kwa siri. Umewekwa baada ya kikao hicho, na unatakiwa uchekeshe.

Wageni wa Ujerumani walipokuja Tanga zamu yao, barua iliandikwa “saa 4 asubuhi, yaani 10:00”. Mmoja alifika 4:00 alfajiri kwa saa yake, akamkuta mlinzi amelala.